Dawa za kusafishia bustani ya haidroponiki: ipi ununue kwanza

Kabla hujatoa hela, funua bomba au jerikani ya bustani yako ya haidroponiki, yaani ya kukuza mimea kwa maji yenye virutubisho bila udongo, na upitishe kidole ndani. Ukikuta utelezi wa kijani au wa kahawia, huo ni uhai: mwani, bakteria na ukungu. Ukikuta ganda jeupe linalokwaruza kama chaki, hasa pale maji yanapoishia ukutani, hiyo ni chumvi ya virutubisho na ya maji yenyewe. Uchafu huu ni wa aina mbili na dawa zake ni mbili. Kinachoua utelezi hakiyeyushi ganda, na kinachoyeyusha ganda hakitegemewi kuua vijidudu. Wengi hupoteza fedha kwa chupa moja inayodai kumaliza yote.

Tumezipanga kwa kuangalia kazi zinazofanya, urahisi wa kuzipata Uganda na gharama kwa kila lita iliyochanganywa.

1. Brashi mbili na kaveera (karatasi ya plastiki) nyeusi

Hivi vinatangulia dawa yoyote. Klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika Jik, ikikutana na utelezi mzito humalizika juu juu, na vijidudu vya chini vinabaki hai. Nunua brashi ya chupa yenye mpini mrefu unaofika katikati ya bomba, ukiingia kutoka kila upande, pamoja na mswaki laini wa pembeni na wa vitundu vya vikombe vya kupandia. Usinunue waya wa kusugulia sufuria. Waya huchora plastiki, na utelezi hujificha ndani ya mikwaruzo ambayo brashi haifiki.

Kaveera inayofaa ni ile nzito nyeusi ya ujenzi, inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwani hauoti gizani. Jerikani ya njano hupitisha mwanga, kwa hiyo ifunge yote, pamoja na vitundu vilivyobaki bila mmea. Upande wa nje uwe mweupe, kwa rangi au kitambaa, la sivyo nyeusi itapasha maji moto. Maji yakipita nyuzi 25 hivi hubeba oksijeni kidogo, na maji ya Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, tayari hubeba pungufu kuliko ya pwani. Hapo ndipo kuoza kwa mizizi, ugonjwa wa Pythium, hupata nafasi.

2. Jik ya kawaida (dawa ya kung'arisha nguo), isiyo na manukato

Ukiwa na fedha ya dawa moja tu, nunua hii. Soma lebo: unatafuta sodiamu haipokloraiti, na kiasi cha asilimia 3.5 ndicho tulichopigia hesabu hapa chini. Acha ile nzito kama uji, yenye harufu ya maua, au ya nguo za rangi.

Kwa usafi wa kawaida baada ya kuvuna, weka mililita 115 katika jerikani ya lita 20 za maji. Kama mizizi ilioza, weka mililita 285. Jaza mfumo, washa pampu dakika 30, mwaga, kisha suuza mara mbili kwa maji safi na uache vikauke juani hadi harufu iishe. Ukipanda letasi au nakati (mboga ya majani) siku hiyo hiyo huku harufu bado ipo, ncha za mizizi zitageuka kahawia.

Nunua chupa ndogo. Joto na mwanga hupunguza nguvu ya dawa hii, na jerikani kubwa iliyokaa dirishani miezi kadhaa inaweza kuwa imebaki na nguvu kidogo tu. Vilevile mwaga maji yote ya virutubisho kabla ya kuitia, kwa sababu mbolea yenye amonia ikikutana na klorini hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu.

3. Asidi ya sitriki ya unga

Hii ndiyo dawa ya ganda jeupe. Hupatikana katika maduka ya kemikali na kwa wanaouzia watengeneza juisi. Gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu zinatosha. Kifaa kinachoihitaji zaidi ni pampu. Ichomoe umeme, fungua kifuniko cha mbele, vuta kigurudumu chenye sumaku. Ukikuta kimevaa ganda na kinazunguka kwa kukwama, hapo ndipo maji yako yalipopungua, na wengi hununua pampu mpya wakati huu. Loweka kwa saa moja, sugua kwa mswaki, suuza, rudisha. Mawe ya hewa, yale yanayotoa mapovu ya hewa ndani ya maji, nayo hulowekwa humo, kisha unayapuliza yakiwa ndani ya maji safi hadi mapovu yatoke pande zote.

Siki nyeupe ya asilimia 5, nusu kwa nusu na maji, hufanya kazi hiyo hiyo kwa pampu moja. Kwa mabomba mengi inakuwa ghali. Maji ya limau yana asidi hiyo, lakini sukari na nyama zake hubaki kuwa chakula cha vijidudu.

Onyo moja halina mjadala: asidi na Jik zisikutane, hata kwa mabaki. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na katika bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kuua. Anza na asidi, kwa kuwa ganda huficha vijidudu, suuza kwa maji mengi, ndipo Jik ifuate. Kazi yote ifanyike nje, ukiwa na glavu.

4. Haidrojeni peroksaidi

Ni nzuri kwa anayefanya kazi ndani ya nyumba na hataki harufu, kwani huvunjika kuwa maji na oksijeni. Ya asilimia 3 kutoka duka la dawa nyunyiza ilivyo, iache dakika 10 na zaidi, suuza. Ya asilimia 6 ichanganye nusu kwa nusu na maji. Usichukue ile ya saluni iliyo kama losheni. Ndani yake kuna mafuta na vitu vingine. Imeshuka nafasi ya nne kwa sababu kuosha lita 20 nayo ni gharama kubwa. Wapo wanaoitia kwenye tangi mimea ikiwemo. Hatushauri hivyo: kipimo kikizidi kidogo mizizi myembamba huungua, na bakteria wazuri hufa pamoja na wabaya.

Usizinunue kwa kazi hii

Sabuni ya unga ya kufulia huacha povu na manukato ndani ya pampu. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa, kile cha miligramu 67 kwa lita 20, hutoa klorini ya miligramu 2 hivi kwa lita, ilhali usafi wa mabomba unahitaji 200.

Na cocopeat (nyuzi na unga wa makumbi ya nazi) iliyotoka kwenye mizizi iliyooza usiisafishe. Ipeleke kwenye mboji mbali na bustani, ununue nyingine. Kokoto na mawe ya volkano huoshwa, yakalowekwa kwenye Jik ile ya mililita 285, kisha yakasuuzwa mara tatu, kwa sababu vitundu vyake hushika klorini kuliko plastiki.