Fotokopi ya mbao: miezi minane ya kukereza vyambo kwa kifaa cha kunakilia

Kaskazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuvuma pale nahodha mmoja wa Watamu alipoingia karakanani kwangu, Kilifi, na chambo cha mti mkononi, samaki wa bandia wa kunasia samaki. Nilikitambua. Nilikikereza mwenyewe mwaka wa nyuma yake. Rangi ilikuwa imebanduka na meno ya nguru yamekichana ubavuni hadi mti ukaonekana. "Fundi," akaniambia, "nataka kumi na viwili kama hiki. Na nikisema kama hiki sitaki binamu zake. Wale binamu ulinipa mara ile, wawili tu ndio wanaojua kuogelea."

Sikuwa na la kujibu. Kazi yangu hasa ni matendegu ya vitanda na nguzo za ngazi, kazi niliyoachiwa na ami yangu, na kwa jicho na kalipa, kile kipimo cha unene, nitakutolea matendegu manne usijue lipi lilitangulia. Lakini tendegu likizidi milimita moja kitanda hakisemi kitu. Chambo husema. Kikinenepa kidogo mkiani hulala ubavu, na mashua ikiongeza mwendo huruka nje ya maji kama chura.

Ndipo nikaagiza kifaa cha kunakilia, kile kinachofungwa juu ya keezo, mashine inayozungusha mti ili uchongwe. Kilitoka nje, na pamoja na usafiri na ushuru kilinila shilingi 34,000. Kijana ninayemfundisha kazi alikibatiza fotokopi siku hiyo hiyo, na jina limekaa. Nimekitumia miezi minane sasa. Naandika kwa sababu kabla ya kununua nilitafuta mtu wa kunieleza kwa lugha yangu nisimpate.

Muundo wake si wa ajabu. Kuna bati nene linalofungwa kwa bolti kwenye kitanda cha keezo, na juu ya bati hilo kinateleza kigari. Kigari kimebeba kisu kidogo cha mviringo cha kabaidi, na chini ya kisu kuna kidole cha chuma. Kidole hufuata ukingo wa kiolezo cha plaiwudi ulichokichora na kukikata kwa umbo la nusu ya chambo, na popote kidole kinapopita, kisu kinakata vivyo hivyo kwenye mti unaozunguka. Ukipenda unaweza kufunga chambo chenyewe badala ya kiolezo, ila mimi nilijaribu mara moja tu. Kidole kilikwangua rangi yote, nikaacha.

Wengine watauliza, si kuna mashine za namna hii zinazochonga hata mitako ya bunduki? Zipo, na ni za zamani sana. Mmarekani Thomas Blanchard alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine yake mwaka 1819 huko Massachusetts. Kwake mfano na mti unaochongwa vilizunguka pamoja, gurudumu moja likipapasa na jingine likikata, ndiyo maana aliweza kutoa kitu kisicho duara kama mtako wa bunduki au kalibu ya kiatu. Fotokopi yangu haifanyi hivyo. Kiolezo kimesimama, mti peke yake ndio unaozunguka. Kwa hiyo kitakachotoka ni cha duara, upende usipende. Ukitaka chambo chenye mbavu bapa kama kibua, weka pesa yako mfukoni.

Kifurushi kilifika kikiwa na bolti moja pungufu na karatasi ya maelezo yenye picha mbili zisizoonekana vizuri. Muuzaji alijibu baada ya wiki tatu, na wakati huo bolti nilishainunua mjini. Hilo halikuniudhi sana. Lililonipotezea muda ni mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

La kwanza, kimo cha kisu. Kisu lazima kikae sawasawa na ncha za keezo zinazoshika mti. Changu kilikaa milimita 2 chini. Unaweza kudhani milimita 2 si kitu, na kweli pale tumboni ambapo chambo kina unene wa milimita 24 huoni tofauti. Mkiani, ambapo nilitaka milimita 6, nikawa napata zaidi ya 7. Kadiri mti unavyokonda ndivyo kosa linavyokua, na mkia ndio unaoamua chambo kitikisike vipi. Nilikata vipande vya bati, nikavisokomeza chini ya kishikio cha kisu kimoja kimoja hadi ncha ya kisu ikagusana na ncha ya kichwa cha nyuma cha keezo.

La pili lilinisumbua wiki nzima. Vyambo vilitoka na pua iliyochongoka kuliko kiolezo, na shingo imepanuka. Nilipima kiolezo, nikakata kingine, bado. Usiku mmoja, stima imekatika, nimekaa tu na kandili, nikachukua kalipa nikapima kisu: milimita 11. Nikapima kidole: milimita 8. Hapo nikaelewa. Kisu kikiwa kinene kuliko kidole, kwenye sehemu iliyonyooka unaweza kurekebisha kwa kusogeza kidole, lakini kwenye mteremko kisu hula zaidi ya kilichoelekezwa. Kesho yake nilimpelekea fundi wa chuma mwili wa bolti, akaukereza hadi milimita 11 kwa shilingi 300. Tangu siku hiyo pua ni ile ile. Kwa nini kiwandani hawakutoa kidole kinacholingana na kisu chao wenyewe, sijui walikuwa wakifikiria nini.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza, toboa kabla ya kukereza. Chambo cha bahari kinahitaji waya wa chuma kisichoshika kutu upite katikati kutoka puani hadi mkiani, maana kolekole akishika ndoano iliyofungwa kwa skurubu tu anaondoka na skurubu. Ukisubiri mpaka umekereza ndipo utoboe, keekee itafuata nyuzi za mti na kutokea ubavuni. Mimi hutoboa kijiti cha mraba kutoka ncha zote mbili, mashimo yakutane katikati, kisha nafunga kijiti kwenye keezo kwa mashimo hayo hayo. Hata yakikutana kwa kupinda kidogo ndani, puani na mkiani yako katikati kabisa.

Kisha nakereza kwa bobari kwanza, ile patasi yenye ncha ya mviringo, kwa mkono, mpaka pembe ziishe. Fotokopi haipendi mraba, kisu hugonga na kigari chote hutetemeka. Nikishapata gogo dogo la duara naweka mwendo wa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, nashika kigari kwa mikono miwili, naanzia tumboni nikielekea mkiani, halafu tumboni tena kuelekea puani. Kamwe si kinyume chake. Ukitoka kwenye wembamba kwenda kwenye unene unapanda dhidi ya nyuzi na mti unachanika. Kila mpito unakata kidogo tu, unene wa ukucha. Sauti ndiyo inayonielekeza: ikiwa ni mvumo mmoja laini, endelea, ikianza kulia kama nyigu ndani ya chupa, mti umeanza kucheza katikati, punguza mkono. Chambo cha sentimita 15 chenye mkia wa milimita 6 hucheza kwa urahisi, kwa hiyo mkia nauacha mwisho kabisa, na pembeni mwa kila ncha nabakiza kishina kidogo ninachokikata baadaye kwa msumeno.

Ukweli ni kwamba kisu hiki kinakwangua, hakikati kama patasi iliyonolewa. Mti ukitoka una manyoya, hasa mwembe na mpaina. Andaa msasa wa 120, halafu 180, halafu 240, na uutumie keezo likiwa bado linazunguka. Mtiki unatoka safi zaidi lakini ni mzito na mafuta yake yanakataa rangi. Mvule niliujaribu kwa siku mbili, vumbi lake likanikaba kifua. Siutii tena kwenye kazi ya msasa, hata kwa barakoa. Na miwani ya macho si mapambo: kipande cha mwembe kilichokuwa na fundo kilipasuka kikaruka kikagonga mabati ya ukuta nyuma yangu, kijana akadhani ni risasi.

Kwa mkono, mwili mmoja wa chambo ulikuwa ukinichukua kama dakika 40. Kwa fotokopi, kiolezo kikishafungwa, ni dakika 7 au 8. Lakini usije ukahesabu faida hapo. Mdomo wa shimo wa kile chambo cha kurusha kinachopiga maji na kuita kolekole, fotokopi haiwezi kuuchimba kwa sababu uko usoni mwa mti na kidole hakifiki huko. Unauchimba mwenyewe. Waya, risasi ya kuongeza uzito, macho, rangi, epoksi ya kuzuia maji isiingie, yote ni mkono ule ule wa zamani. Chambo kizima bado kinanichukua karibu saa mbili ukiacha muda wa kukauka. Huwa namkumbuka Lauri Rapala wa Ufini, ambaye jina lake hapa kwetu wengi wanalitumia kwa chambo chochote chenye mwili wa samaki. Mwaka 1936 alichonga cha kwanza kwa koki, kwa kisu na msasa, akakivisha karatasi ya fedha ya chokoleti. Hakuwa na kiolezo cha mtu mwingine cha kufuata.

Basi nikatoa vile kumi na viwili vya nahodha. Vyote kutoka ubao mmoja wa mwembe, mti ule ule wanaochongea ngalawa. Nikavipanga mezani, nikapitisha kalipa: tumbo, shingo, mkia, tofauti haizidi unene wa karatasi mbili. Nilijisikia bingwa. Kabla ya rangi nikavipa waya na ndoano, nikajaza beseni maji ya bahari, nikavitia kimoja kimoja.

Vinane vilielea. Viwili vilisimama wima, pua juu, kama watu wanaochungulia dirishani. Viwili vikazama moja kwa moja.

Nikachukua mizani ya jikoni ya mke wangu. Mwili mtupu wa chepesi ulikuwa gramu 33, wa kizito gramu 42. Umbo moja, ubao mmoja. Upande mmoja wa ubao ulikuwa karibu na kiini cha mti, upande wa pili karibu na ganda, na nyuzi hazikubanana sawa. Waya na ndoano ni gramu 24 hivi. Mwili wa ukubwa ule husukuma maji ya bahari ya gramu 61 au 62, basi piga hesabu mwenyewe: 33 na 24 inaelea, 42 na 24 inakwenda chini. Kumbe hata binamu zangu wa mwaka jana hawakuharibika kwa mkono wangu peke yake. Mti ulikuwa na lake.

Nahodha alipokuja nikampa vile vinane, na vile vinne nikamwonyesha ndani ya beseni. Akavitazama kwa muda. "Hivi vinavyozama nipe pia," akasema. "Navirambaza chini, navikokota nyuma ya mashua, mchana jua likiwa kali samaki hapandi juu." Akalipa vyote kumi. Vilivyosimama wima alivikataa, na hadi leo viko kwenye msumari juu ya keezo.

Siku hizi napima kijiti kabla ya kukereza na baada, naandika gramu kwa penseli, na ninavigawa mafungu: vyepesi ni vya kurusha na nitavitia risasi tumboni hadi vikae vizuri, vizito ni vya kurambaza chini. Kazi hiyo ya mizani imeleta vyambo vingi zaidi vinavyoogelea kuliko fotokopi yenyewe. Nahodha anasema katika fungu la mwisho la kumi, tisa wanakwenda sawa. La yule mmoja hakunieleza, akacheka tu.

Je, ununue? Kama unatengeneza vyambo vitano kwa mwaka vya kwako na rafiki zako, hapana, bobari nzuri na uvumilivu vinatosha. Kama keezo lako ni dogo na kitanda chake kinacheza, pia hapana, fotokopi itanakili hata huko kucheza. Ukiwa na oda za kumi kumi za umbo moja la duara, na una fundi wa chuma jirani wa kurekebisha walichoharibu kiwandani, nitakwambia ndiyo, lakini tenga wiki mbili za kuharibu mti kabla hujaahidi mtu tarehe.

Changu kimesharudisha pesa yake, ila si kwa samaki. Mama mmoja mwenye hoteli mjini aliona kiolezo ukutani akauliza kama naweza kumtolea miti ya kusukumia chapati, yote unene mmoja, kwa sababu wapishi wake wanagombania ule mmoja mzuri. Wiki iliyopita nilimpelekea ishirini ya mtiki. Sikuupima hata mmoja kwenye mizani.