C-SPAN na Bunge la Marekani Lililosahau Kujadiliana
Huduma ya televisheni ya C-SPAN, inayorusha moja kwa moja vikao vya Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu 1979 na vya Seneti tangu 1986, ina sifa adimu: hakuna mchambuzi wa kumtafunia mtazamaji. Kasoro iko katika kinachoonyeshwa. Kwenye Seneti, muda mrefu huweza kupita karani akiita majina taratibu kana kwamba anatafuta akidi, huku chaneli ikituliwaza kwa muziki wa ala. Miswada mingi nayo hukwama kwa sababu kuufunga mjadala kunahitaji kura 60 kati ya 100. Upande wa Wawakilishi, mbunge huweza kuvifokea viti vitupu, na kamera, ambazo ni mali ya Baraza lenyewe, kwa kawaida humwonyesha yeye peke yake. Januari 2023, kabla Spika hajapatikana baada ya duru 15 za kura, kamera za C-SPAN ziliachwa zizunguke ukumbini, tukaona wabunge wakinong'onezana, wakibishana, hata mmoja akivutwa nyuma asimvamie mwenzake. Kwa matangazo ya namna hiyo naipendekeza bila kusita. Siku za kawaida, kumbukumbu rasmi za vikao zinatosha.