Uzoefu wangu wa mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni

Nimekuwa abiria wa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya jijini Dar es Salaam, tangu mabasi hayo yalipoanza kazi Mei 2016, na kabla ya hapo nilipanda daladala kwa miaka mingi katika Barabara hiyo hiyo ya Morogoro, kwa hiyo ninapoisifu huduma hii ninajua nilikotoka. Enzi za daladala nilitoka nyumbani Kimara saa 11 alfajiri nikiwahi kazi ya saa 2 pale Posta, na muda mwingi uliishia kwenye mataa ya Ubungo na Magomeni. Siku hizi, nikishapata basi, safari ya kwenda Kivukoni hunichukua dakika 45 hivi.

Siri kubwa ni ile njia ya peke yake, kilomita 21 hivi zilizotengwa katikati ya barabara, ambako basi hupita huku magari madogo yamesimama pembeni. Jambo la pili husemwa mara chache, nalo ni jukwaa la kituo kuinuliwa likalingana na sakafu ya basi. Asubuhi moja pale Magomeni Mapipa nilimwona mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu akisubiri dereva alisogeze basi hadi ukingoni, kisha akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe na kuingia, bila kuomba msaada wa mtu. Kwenye daladala mzee yule angebebwa mzobemzobe, au angeachwa kituoni. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuihalalisha gharama yote ya ujenzi.

Tatizo ni kwamba tumekuwa wengi. Huduma ilianza na mabasi 140, na ndani ya miaka michache abiria walikuwa wakitajwa kufikia karibu 200,000 kwa siku. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Tena, stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, Kimara ikapata abiria wa aina nyingine, wenye mabegi na viroba, ambao hawakuwapo katika foleni zetu za awali.

Ongezeko hilo nalipima kwa kuangalia wanaogeuza na basi. Abiria wa Korogwe na Bucha, badala ya kusubiri basi la kwenda mjini, hupanda linalorudi Kimara ili liwageuze wakiwa tayari wamekaa. Zamani waliofanya hivyo walikuwa wachache. Sasa kuna asubuhi basi linaingia Kimara viti vyote vimekwisha, na sisi tuliopanga foleni tangu alfajiri tunapanda kusimama. Siwalaumu, maana mwenye safari ndefu hutafuta nafuu anapoiona, lakini jambo hilo linaonyesha wazi kwamba mabasi ya saa za asubuhi hayatoshi.

Kusimama ninakuvumilia. Kinachoniumiza ni kutojua basi litakuja saa ngapi. Kuna siku yanapita matatu yameongozana, kisha kituo kinakaa karibu nusu saa bila basi, watu wanajaa hadi kwenye mageti. Ningeombwa nichague boresho moja tu, ningechagua mabasi yapishane kwa muda ulio sawa, kabla hata ya kuongeza viti. Nauli ilipanda kutoka 650 hadi 750, nami nilikubali kuilipa nikitarajia jambo hilo.

Mvua ni habari nyingine. Bonde la Msimbazi likijaa, maji hufunika barabara pale Jangwani na safari hukatika, ndiyo maana naufuatilia kwa hamu ujenzi wa daraja lililoinuliwa kuliko la awali pale bondeni.

Kwa mgeni wa njia hii: panda ekspresi, basi lisilosimama kila kituo, ukienda moja kwa moja Kivukoni, fika Kimara kabla ya saa 12 asubuhi, na weka salio kwenye kadi usiku uliotangulia. Wa kwenda kituo cha Morocco, ambako njia huchepukia Magomeni, asiingie basi la Kivukoni kwa haraka ya kuondoka, kwani atalazimika kushuka Magomeni kusubiri lingine, na lile litakuwa limejaa tangu Ubungo.