Walinichukulia kikombe kabla sijamaliza

Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu majira ya baridi, na kila likinijia nachemka upya.

Nilikwenda Kyoto, Japani, na rafiki yangu tunayesoma naye Osaka. Tukaingia mgahawa wa soba, zile tambi za Kijapani, ulio ndani ya machiya, zile nyumba za mbao za wafanyabiashara wa zamani, nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, hata wenyewe wakaziita "kitanda cha mkunga", yule samaki mrefu kama nyoka. Foleni ilitupiga kama dakika arobaini kwenye baridi. Sikulalamika. Ndani tulivua viatu, tukakaa kwenye mikeka ya tatami kando ya kibustani chenye jiwe lililoota ukoga, nikasema moyoni, hapa nitarudi.

Na chakula, jamani, sina la kusema. Tambi za kijivu zenye vidoadoa, baridi, juu ya ungo mdogo wa mianzi. Unachovya ncha tu kwenye mchuzi wa shoyu, yaani sosi ya soya, na samaki mkavu, kisha unavuta kwa sauti, na wala si utovu wa adabu.

Sasa sikilizeni. Mwalimu wangu alinisisitizia: ukimaliza soba usinyanyuke, ngoja sobayu. Ni yale maji yaliyochemshiwa tambi, ya moto, meupe kama uji mwepesi. Unayamimina kwenye mchuzi uliobaki, unakunywa taratibu. Ndiyo inayofunga mlo. Nilibakiza mchuzi makusudi kwa ajili hiyo.

Akaja kijana mhudumu, kimya, akanyanyua trei pamoja na kikombe changu. Vijiti bado nimevishika! Nikamwomba kwa Kijapani, sobayu tafadhali. Akatazama mlangoni, kwenye foleni, akaweka bili mezani, akaenda zake.

Hata mama ntilie wa stendi, benchi limejaa na watu wamesimama, hakuondolei sahani kabla hujanawa. Iweje nyumba yenye heshima ya namna ile?

Kilichoniuma zaidi ni meza ya jirani. Wazee wawili, mtu na mkewe, waliokuja nyuma yetu, waliletewa birika lao jekundu la mbao. Mvuke ulikuwa unapanda, bibi anammiminia mumewe. Sitaki kusema ni kwa sababu sisi wageni, sina hakika; huenda yule kijana alidhani hatujui desturi. Lakini nilimwomba sobayu, nikaitaja kwa jina! Alisikia.

Kwa hiyo msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya mpishi.

Ila rafiki yangu ananiambia simtendei haki mpishi, na ni kweli, zile tambi sijazipata kwingine, wala Osaka. Basi mkienda, fikeni kabla ya saa tano asubuhi, foleni haijaanza, muombe sobayu mapema, na kikombe mkishike kwa mikono miwili. Mimi sirudi. Labda siku ya mvua, nikiwa peke yangu.