Hoteli za Kifahari Guangzhou: Ipi Inastahili Pesa Yako

Wafanyabiashara wetu wengi wanaijua Guangzhou, mji wa kusini mwa China, kwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika: chumba cha bei nafuu, mizigo imejaa hadi mlangoni, wakala anapiga simu tangu alfajiri. Mtu akienda kufunga mzigo, hicho ndicho anachohitaji. Lakini kontena likishaondoka na bado una siku mbili tatu kabla ya ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam, au umekuja na mwenzi wako na ungependa aone kwamba mji huu si maghala tu, ndipo unapoanza kuulizia hoteli nzuri. Guangzhou ina hoteli kadhaa ambazo jengo lenyewe ni sababu tosha ya kulala humo. Nimezipanga kwa kipimo kimoja: usanifu wake unakupa nini ambacho pesa hiyohiyo isingekupa hoteli nyingine?

Kabla ya kuchagua hoteli, angalia kalenda. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yanayofanyika tangu 1957, huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, kisha katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Siku hizo bei za vyumba hupanda mji mzima. Jambo la pili ni hali ya hewa, na hili wengi hawaambiwi wanapolipia chumba. Machi na Aprili Guangzhou huloa unyevu. Kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, mawingu hushuka hadi kuvifunika vilele vya maghorofa. Ukilipia chumba cha ghorofa ya 90 katika wiki hizo, unaweza kufungua pazia asubuhi ukaona weupe mtupu. Oktoba na Novemba hewa ni kavu na anga limefunguka. Kwa hiyo mpangilio wangu unabadilika kidogo kulingana na mwezi, na nitasema wapi.

1. White Swan Hotel, kisiwa cha Shamian

Hii naiweka ya kwanza bila kusita, ingawa si mpya wala si ndefu kuliko nyingine. Ilifunguliwa 1983, China ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kuufungulia uchumi wake mlango, kwa fedha za mfanyabiashara wa Hong Kong, Henry Fok. Wasanifu wake, She Junnan na Mo Bozhi, walikuwa wakifanya kazi Guangzhou, na uamuzi wao ndio unaoifanya hoteli hii istahili kulipiwa hadi leo: walichukua bustani ya jadi ya kusini mwa China wakaiingiza ndani ya jengo. Ukipita mapokezi unakuta maporomoko ya maji yakishuka kwenye miamba, banda la jadi juu yake, bwawa la samaki chini, na mimea ya kijani inayopanda hadi kwenye roshani za ghorofa za juu. Mwamba umechongwa maneno ya kuyataja maji ya nyumbani, kwa ajili ya Wachina wa ng'ambo waliokuwa wakirudi baada ya miaka mingi.

Zamani zile hoteli za wageni zilikuwa zikiwafungia Wachina wa kawaida nje. Fok alishikilia kwamba milango ya White Swan iwe wazi kwa kila mtu, na watu wa mji walimiminika kuja kutazama. Hata sasa utaona familia zikipiga picha mbele ya maporomoko hayo, bibi kamshika mjukuu mkono, na hakuna anayewafukuza. Mimi naona hilo ni sehemu ya usanifu wake. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokuja China 1986 alikaribishwa hapa.

Hoteli ilifungwa 2012 kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena 2015 ikiwa na vyumba vichache zaidi na vikubwa zaidi. Omba chumba cha upande wa mto. Kinazidi bei kidogo, lakini unatazama pale Mto Lulu unapogawanyika, matishari na boti zikipita mchana kutwa. Upande wa pili unatazama Shamian yenyewe, kisiwa kidogo kilichokuwa makazi ya Waingereza na Wafaransa tangu karne ya 19, chenye majengo ya mawe na miti mikubwa ya jamii ya mikuyu inayofunika njia. Ukivuka daraja unaingia soko la Qingping, penye magunia ya dawa za miti shamba na uyoga mkavu.

Anayekwenda Maonyesho ya Canton asiogope umbali. Tembea kwa miguu hadi kituo cha Cultural Park, panda treni ya mstari wa 8, nayo itakufikisha Pazhou, penye maonyesho, bila kubadilisha. Kwa kawaida chumba hapa ni nafuu kuliko kwenye minara ya mji mpya, Zhujiang New Town. Wakati wa mawingu ya Aprili, sioni mshindani wake.

2. Four Seasons, Zhujiang New Town

Oktoba ikifika, hii inaikaribia sana White Swan, na kwa mpenzi wa majengo inaweza hata kuipita. Imo ndani ya mnara wa International Finance Centre wenye ghorofa 103, kazi ya ofisi ya Wilkinson Eyre ya Uingereza, ambao mwaka 2012 ulipata Tuzo ya Lubetkin ya taasisi ya wasanifu majengo wa Uingereza. Ofisi ziko chini, hoteli iko juu. Lifti inakupeleka moja kwa moja ghorofa ya 70 kwenye mapokezi, na hapo ndipo unapoinua macho: ukumbi wazi unapanda karibu ghorofa 30 juu yako, roshani zake nyeupe zikizunguka na kupungua taratibu hadi kwenye paa la kioo. Nyumba ndefu ziko nyingi duniani, lakini uwazi wa namna hii, ukiwa tayari uko mawinguni, ni adimu.

Vyumbani utaona nguzo nene zilizoinama karibu na dirisha. Hilo si pambo. Mnara unabebwa na wavu wa mabomba ya chuma yaliyojazwa zege na kupishana kama kimia cha mvuvi, na wavu huo unapita mbele ya chumba chako. Wengine wanalalamika kwamba nguzo zinakata mandhari. Mimi ningependa zaidi kuona kinachonibeba. Ukipata chumba kinachotazama kusini, utaliona jumba la opera la msanifu Zaha Hadid chini, na ng'ambo ya mto mnara wa Canton wenye mita 600, vyote viwili vya 2010.

Kituo cha metro cha Zhujiang New Town kiko karibu, na kwa mstari wa 5 ni vituo sita tu hadi Xiaobei. Ukisikia hamu ya pilau au tambi za kuvutwa kwa mkono za Waislamu wa Lanzhou, hutachelewa.

3. Mandarin Oriental, Tianhe

Nje jengo halina la kukuvuta. Uzuri uko ndani, na ukitaka chumba bora kuliko vyote katika orodha hii, njoo hapa. Mbunifu Tony Chi aliipanga hoteli hii, iliyofunguliwa 2013 ikiwa na vyumba 263, kwa mtu anayekaa chumbani: sehemu ya kuvalia ina nafasi ya masanduku mawili yaliyofunguliwa, bafu ni pana, taa zimewekwa mahali mkono unapozitafuta. Anayerudi na sampuli na makaratasi atauona umuhimu wake haraka. Jengo limeungana na duka kubwa la TaiKoo Hui na metro ya Shipaiqiao, kwa hiyo siku ya mvua hulowi. Mgahawa wake wa Kikantoni, Jiang by Chef Fei, umewahi kupewa nyota mbili za Michelin, mwongozo maarufu wa migahawa.

4. Rosewood, Zhujiang New Town

Hii iko juu kabisa ya CTF Finance Centre, mnara wa mita 530 uliosanifiwa na ofisi ya wasanifu ya KPF ya Marekani, wenye mbavu za vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma, kitu kisichozoeleka kwenye jengo la urefu huo. Lifti za Hitachi katika mnara huu zimepimwa zikienda zaidi ya kilomita 75 kwa saa. Kila kitu ni kizuri, kila kitu ni ghali, na ndani utulivu wake ungeweza kuwa wa mji wowote tajiri. Njoo Novemba, au pandia kinywaji jioni ulale kwingine.

5. Garden Hotel, Huanshi Dong Lu

Ya 1985, kubwa mno, zaidi ya vyumba 800, na kwa anasa haizifikii zile nne. Naitaja kwa sababu iko kituo kimoja tu cha metro kutoka Xiaobei, kwa hiyo unaweza kuwa na bustani na ukumbi wa heshima bila kuachana na biashara yako. Mwenye siku mbili za mzigo na moja ya kupumzika atafaidi hapa.

Sasa pesa. Bei unayoionyeshwa mara nyingi haijajumlisha gharama ya huduma asilimia 10 na kodi asilimia 6 juu yake. Chumba cha yuan 2,000 kinakuwa yuan 2,332. Uliza kabla ya kulinganisha, maana tovuti moja hujumlisha na nyingine haijumlishi. Mapokezi watazuia pia amana kwenye kadi yako, na kwa kadi ya nje inaweza kuchukua siku kadhaa hadi iachiwe. Usitoe kadi ile yenye pesa ya mzigo.

Kwa Waislamu, chakula cha asubuhi cha vijisahani vya mvuke ndicho fahari ya Guangzhou, lakini hata kile cha kamba mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Usitazame jina, muulize mhudumu kuhusu mafuta.

Intaneti ya hoteli haitakufungulia WhatsApp wala Google. Laini ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumia nje ya nchi itakufungulia, kwa sababu data yake hupitia mtandao wa kwenu, basi nunua kifurushi kabla ya kupanda ndege. Na pasipoti uwe nayo mkononi unapofika, ya kila mgeni atakayelala chumbani. Sheria inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli ndiyo itakayokufanyia kazi hiyo palepale mapokezi.