Upinde wa kwanza wa kuwindia kulungu: ununue upi, wewe na kijana wako (kwa tulioko Ohio)

Kama upo Columbus au popote Ohio na mtoto wako wa miaka 13, 14 kaanza kukuuliza habari za kuwinda kulungu kwa upinde, na wewe mwenyewe hujawahi kushika upinde, basi hii ni yako. Mimi na binti yangu tulianza hivyo hivyo, hakuna aliyejua kitu, na kosa la kwanza tulilifanya kwenye kununua: nikaagiza mtandaoni upinde wa paundi 60 kwa sababu bei ilikuwa chini, ukafika, mtoto akavuta mpaka mikono inatetemeka hausogei, mimi nikauvuta mara tatu bega likauma wiki nzima. Akakaa mwezi mzima hataki hata kuuangalia. Hicho ndo kiliniuma kuliko hela.

Kabla ya duka lolote, jua namba mbili. Ya kwanza ni uzito wa kuvuta, yani nguvu inayotakiwa kuvuta kamba mpaka mwisho: sheria ya Ohio inataka upinde wa kulungu usipungue paundi 40, na krosibo (ule upinde wa kulala wenye kitako na kifyatulio kama bunduki) paundi 75. Jirani zetu wa Pennsylvania wao ni 35 kwa upinde, kwa hiyo usifuate video ya mtu wa jimbo lingine. Ya pili ni urefu wa kuvuta, yani kamba inavutwa nyuma kiasi gani: mtoto anyooshe mikono pande zote mbili, pima kwa inchi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Binti yangu alitoka karibu 25, mimi 28. Sasa mtoto wa umri huu anarefuka kama muhindi wakati wa mvua, namba ya Mei sio ya Novemba, na hiyo ndo sababu kubwa ya mpangilio wangu hapa chini.

1. Kompaundi ya kurekebishika

Hii ndo nasema nunua, kwa mtoto na kwa wewe. Ni ule upinde wenye magurudumu mawili nchani, aliubuni Holless Wilbur Allen wa Missouri akapewa hatimiliki mwaka 1969, na uzuri wake ni kwamba ukishavuta mpaka mwisho uzito unashuka kwa asilimia 70 hadi 80 hivi. Yani upinde wa paundi 40 unabaki umeshikilia kama 10 tu. Hilo halina maana sana ukiwa dukani, lina maana siku kulungu amesimama nyuma ya mti kichwa nje mwili ndani na mtoto tayari kashavuta, inabidi asubiri, na mikono midogo haisubiri na paundi 40 kamili.

Angalia Diamond Infinite Edge Pro, inaenda paundi 5 hadi 70 na inchi 13 hadi 31, au Bear Cruzer G2, paundi 5 hadi 70 na inchi 12 hadi 30. Upinde mmoja unamtoa mtoto darasa la saba mpaka chuo. Zinauzwa pakiti nzima na saiti (kile cha kulengea), kishikio cha mshale na podo, andaa kama dola 350 hadi 500. Tulianza na paundi 22, kila wiki kadhaa tukakaza kidogo boliti za mikono ya upinde (zile sehemu mbili zinazopinda), juu na chini mizunguko sawa sawa, tukafika 42. Kipimo chetu kilikuwa hiki, akae kwenye kiti, auelekeze kwenye shabaha na avute taratibu bila kuunyanyua juu angani, akishindwa basi ni mzito, rudisha.

Msinunue mmoja wa kushea. Unarekebishika, ni kweli, ila kila ukibadilisha urefu na uzito saiti inakuwa sio yake tena, kila mtu anaanza upya.

2. Krosibo

Kama mtoto hatafika 40 msimu huu, au kazi zako hazikupi muda wa mazoezi, hii ni njia halali kabisa, Ohio inaruhusiwa msimu wote wa upinde, kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka mwanzoni mwa Februari. Unajifunza kulenga mapema sana. Nimeiweka ya pili kwa sababu ni nzito kubeba, watoto wengi hawawezi kuikoki (kuvuta upote, yani kamba ya upinde, mpaka ujifunge) bila kamba maalum ya kuvutia na mtu mzima, na kidole gumba kikizidi juu ya reli mshale unapopita, upote unakikata, hilo simamia wewe mwenyewe kila mara.

3. Rikavu

Huu ni upinde wa kawaida usio na magurudumu, ncha zake zimepinda kwenda mbele. Samick Sage inafunguka vipande vitatu, bei rahisi, mikono yake inabadilishwa mtoto akikua, na kusema kweli ndo inapendeza kuliko zote kuipiga jioni. Ila kwa kulungu mwaka wa kwanza hapana, haina punguzo lolote la uzito, paundi 40 ni 40 mpaka unaachia. Wengi wetu tukisikia upinde tunawawaza Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi kule Tanzania, wale wanaanza utotoni kabisa, na wanatumia sumu kwenye mishale, ambayo huku ni marufuku.

4. Mtumba

Inawezekana, ila usinunue bila fundi wa duka la pinde kuuangalia. Mikono ya upinde ikiwa na ufa hata mdogo achana nao, upote uliochakaa ni gharama nyingine, na upinde uliowahi kuachiwa bila mshale unaweza kuwa umeumia ndani usijue.

Na ule upinde wa Genesis wanaofundishia shuleni, wa ile programu ya upinde mashuleni iliyoanzia Kentucky mwaka 2002? Mzuri sana kujifunzia, ila mwisho wake paundi 20, hauingii porini.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye mishale inayolingana na uzito wa upinde wa mtoto, muulize fundi wa dukani, usichukue ya kwako umpe. Chembe (ncha za mshale) za kuwindia chukua zenye makali yasiyokunjika, zile zinazofunguka zikigonga zinakula nguvu ambayo upinde wa paundi 42 hauna. Kwa Waislamu, makali yakiwa yanakata na ukapiga bismillahi wakati wa kuachia, mnyama akafa kwa mshale huo ni halali, ila mkimkuta hai bado mchinjeni.

Mkikaa juu ya mti, hanesi (mikanda ya kukuzuia usianguke) kila mtu ya kwake, mnajifunga mkiwa bado chini, sio mkishafika juu. Kozi ya usalama wa uwindaji fanyeni pamoja ndo mkate leseni na kibali cha kulungu. Na yadi 20 ndo mwisho wenu mwaka huu, ubavuni, nyuma ya bega. Binti yangu aliachia kulungu watatu wapite kwa sababu walikuwa mbali zaidi ya hapo, wa nne akasimama yadi 16.