Mashine ya pini ya betri kwa fundi samani wa Tabora: ipi ununue kwanza

Mwaka jana nilikuwa nafunga kabati la nguo la mninga nyumbani kwa mteja, Isevya. Kazi ilikuwa imekwisha, vanishi ya kwanza imeshapita, umebaki ukanda mmoja tu wa kuziba ukingo wa juu, upana sentimita mbili na unene milimita sita. Umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza. Nikaona nimalizie kwa nyundo na msumari wa inchi moja. Pigo la tatu ukanda ukapasuka kutoka nchani hadi katikati, ufa umefuata nyuzi za mbao. Ukanda ule nilikuwa nimeupasua kwenye ubao uleule wa milango ili rangi zilingane. Nilitumia siku mbili kutafuta mninga mwingine wenye wekundu ule, na sikuupata sawasawa. Hadi leo nikiingia chumbani kwa yule mama jicho langu linakwenda pale juu.

Baada ya hapo nilianza kutafuta mashine ya pini ya betri kwa bidii. Nayaandika haya kwa fundi mwenzangu anayetengeneza makabati, vitanda, milango ya paneli na fremu za vioo, ambaye fedha yake ni ya kununua mashine moja na hataki kukosea.

Kwanza tuelewane tunachozungumzia. Kwenye misumari ya mashine, namba ya geji ikiwa kubwa, msumari ni mwembamba. Geji 18 ndiyo ile ya kawaida ya kompresa, maduka huiuza kwa majina ya F20, F30 au F50, na namba hiyo ni urefu wake kwa milimita. Ina unene wa milimita 1 na ushee na kichwa kidogo. Geji 23, ambayo ndiyo pini, ina unene wa takribani milimita 0.6 na haina kichwa kabisa. Ikiingia vizuri, tundu lake unalifunika kwa tone la gundi na unga wa msasa wa mbao ileile, ukipiga vanishi mteja hawezi kukuonyesha ilipo. Puti ya rangi ya kubahatisha, zile nukta nyeupe zinazoonekana kila jua likiingia dirishani, unaachana nayo.

Lakini pini hii haibebi mbao. Haina kichwa, kwa hiyo ukivuta ukanda kwa nguvu utatoka na pini zitabaki zimesimama. Kinachobeba ni gundi. Kazi ya pini ni kuushikilia ukanda mahali pake nusu saa au saa moja mpaka gundi nyeupe ishike, wakati wewe unaendelea na upande mwingine. Ni klampu ndogo unayoiacha ndani ya mbao. Fundi akilielewa hilo, hataulizia kwanza mashine yenye nguvu kuliko zote. Ataulizia betri, kisha pini zenyewe zinapatikana wapi.

Jambo jingine. Ukifuatilia mafundi wa Marekani utawaona wanapiga skatingi, yaani mbao za chini ya ukuta, na mbao za pembeni mwa milango moja kwa moja ukutani. Kuta zao nyingi ni jipsamu juu ya nguzo za mbao. Zetu ni tofali na plasta ya saruji. Pini haiingii pale, inajikunja au inaruka. Skatingi ya ukutani hapa kwetu bado ni plagi na skrubu. Mashine ya pini tunaitumia mbao kwa mbao: vijiti vya kushikilia kioo, ukanda wa kuziba ukingo wa plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), urembo wa mbele ya droo, pembe za digrii 45 za fremu, mbao za urembo juu ya fremu ya mlango ambayo ni ya mbao. Kama kazi yako kubwa ni skatingi, hela hii iweke kwenye drili nzuri.

Beba mbao zako dukani

Kabla ya kupanga majina, niseme jinsi ya kupima, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Weka kwenye begi vipande vitatu vya karakana yako: msonobari, mninga mkavu, na mkora au mkurungu. Muombe muuzaji pini za milimita 30 na upige kumi kwenye kila kipande, ukishikilia ukanda mwembamba juu yake kama kwenye kazi halisi. Akikukatalia kujaribu, ondoka.

Kwenye msonobari zitaingia zote, hilo lisikufurahishe. Tazama mninga. Pitisha ncha ya kidole: pini inatakiwa iwe imezama kidogo chini ya uso, usiisikie. Angalia alama ya ulimi wa mashine, kile chuma kinachoisukuma pini. Ukiona tundu la pini na pembeni yake kijishimo cha pili kirefu, mashine inaruka mkononi wakati inapiga, na kila kijishimo ni kazi ya puti uliyokuwa unaikimbia. Halafu geuza kipande. Pini inafuata nyuzi, na kwenye mbao zenye nyuzi za kupindana inaweza kutokea ubavuni. Ndiyo maana kidole chako kikae mbali na mdomo wa mashine kuliko urefu wa pini uliyoweka, kila mara, hata kama ni pini moja ya mwisho.

Kwenye mkora tarajia zinazojikunja, mashine yoyote ile. Dawa yake ni kushuka urefu hadi milimita 18 au 25, au kutoboa kwanza. Kwa kutoboa, kata kichwa cha msumari mwembamba sana, ufunge kwenye drili uutumie kama keke. Wazee wengi wa ufundi hapa mjini wanafanya hivyo kwa nyundo hadi leo, na kazi yao ni safi.

Ya kwanza: Makita DPT353, kama una betri za Makita za volti 18

Hii ndiyo niliyonunua. Inapiga pini za geji 23 hadi milimita 35, ina uzito wa kilo 2 hivi ikiwa na betri, na pua yake ni nyembamba kiasi cha kuingia kwenye kona ya fremu ya kioo bila kugusa upande wa pili. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, haimo ndani ya mashine. Drili yangu na msumeno wangu wa mviringo vilikuwa tayari vinatumia betri hizo, na nikiishiwa chaji nyumbani kwa mteja napiga simu kwa jirani wa karakana analeta yake kwa bodaboda. Kwa hiyo nilinunua mwili mtupu bila betri wala chaja, na tofauti ya bei ikalipa pini za miezi mingi.

Betri ya Ah 2 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) inatosha. Pini inakula chaji kidogo sana, na betri kubwa ya Ah 5 inaishusha mashine nyuma, pua inanyanyuka, mkono unachoka kwenye kazi za juu ya kichwa. Milimita 35 nayo inatosha. Ukanda wa milimita 6 hadi 12 haukudai zaidi, na kadiri pini inavyorefuka ndivyo inavyopata nafasi ya kupinda njiani.

Ya pili: pini ya upepo, kama hutoki karakana

Najua kichwa cha habari kinasema betri. Lakini fundi mwenye kompresa tayari, anayemalizia kila kitu karakana na kumpelekea mteja kitu kilichokamilika, simshauri atumie fedha ya betri. Mashine ya pini ya upepo ni ndogo, nyepesi, haina mambo mengi ya kuharibika, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya betri. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila jioni, hasa masika, weka matone mawili ya mafuta kwenye kiungio cha paipu kabla ya kazi, basi. Kasoro yake ni ileile ya Isevya: umeme ukikatika, inakwisha hewa ya tangi na wewe umekwisha.

Ya tatu: DeWalt DCN623

Kwa mwenye betri za njano, hii ipande iwe ya kwanza bila mjadala. Inafika milimita 38. Betri zilizoandikwa volti 20 na zilizoandikwa 18 za kampuni hii ni kitu kimoja na zinaingiliana. Ndani yake kuna seli tano; ukizihesabu zikiwa zimejaa ni 20, ukizihesabu katikati ya kazi ni 18. Muuzaji akikuambia ya 20 ina nguvu zaidi kwa sababu ya namba hiyo, usimlipe kwa namba.

Hapa kuna hatari moja ninayotaka kila mtu aisikie. Seti nyingi za mashine hizi zinaletwa na ndugu kutoka Marekani. Chaja yake imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Wetu ni 230. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka, chaja inaungua palepale, na pengine betri pamoja nayo. Geuza chaja usome maandishi ya nyuma kabla ya kutoa hela. Ikiandika 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme au chaja nyingine.

Zinazofuata

Milwaukee ya M12 ni ndogo kuliko zote za betri nilizotaja, betri yake ni ya volti 12, inafika milimita 38, na inapiga papo hapo ukivuta kitufe. Ingekuwa juu zaidi kama ningejua betri ya pili ningeipata mjini hapa ile ya kwanza ikifa. Ryobi ya volti 18 ina kikwazo hichohicho.

Kisha zipo mashine za volti 20 za bei ya chini za geji 18, nyingine zinapiga msumari na stepo kwa pamoja. Mafundi wa makabati ya jikoni ya MDF wanazipenda, na wana haki: mgongo wa kabati, droo, mahali pasipoonekana, zinafanya kazi nyingi kwa hela kidogo, na misumari ya F30 ipo kila duka la vifaa kuanzia sokoni hadi Kanyenye. Usiinunue ukidhani itafanya kazi ya pini. Msumari wa geji 18 kwenye ukanda wa mninga wa milimita 6, karibu na ncha, bado unapasua. Ukiipata moja yenye betri inayoingiliana na drili ya chapa hiyo uliyonayo, ni mashine ya pili nzuri.

Mambo ya betri na pini

Betri nyingine zina maandishi makubwa kuliko yaliyomo ndani. Niliwahi kuuziwa ya Ah 4 iliyokuwa nyepesi kuliko ya Ah 2 niliyokuwa nayo, na sikuipima mkononi mpaka nilipofika nyumbani. Siku hizi nakwenda dukani na betri yangu, nashika moja kila mkono. Seli zina uzito. Betri ya Ah 4 halisi inakuelemea wazi.

Pini ndizo zitakazokusumbua zaidi hapa Tabora. F30 utaipata popote, pini za geji 23 huzipati popote. Zangu nyingi naagiza Dar es Salaam, zinakuja na basi. Zikifika zitoe kwenye boksi la karatasi uziweke kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, kwa sababu kuanzia Novemba mpaka Aprili unyevu unazila. Pini yenye kutu inakwama kwenye mashine, na ikiingia kwenye mbao yenye tanini, kemikali ya asili ya mbao, huacha doa jeusi ambalo msasa hauliondoi. Kwa meza ya nje au kabati la bafuni tafuta za chuma kisichoshika kutu.

Unapojaza, angalia mishale iliyochorwa ubavuni mwa ukanda wa pini. Kwa kuwa hazina kichwa, juu na chini zinafanana, na ukizigeuza ncha butu ndiyo inatangulia. Ikikwama, toa betri kwanza, ndipo ufungue pua. Miwani ivaliwe, kipande cha waya wa milimita 0.6 kikiruka hukioni kikija.

Na siku unayolipia mashine, usiondoke na boksi moja la majaribio. Chukua la milimita 18, la 25 na la 30, yote siku hiyohiyo, kutoka duka hilohilo, ukiwa umeshapiga kumi za kila moja kwenye kipande chako cha mninga.